Mizunguko Miwili na Mhuri Mmoja

Leo nitawaudhi wapenzi wa mpira wa hapa Lubumbashi. Najua mnangoja tuzungumze juu ya Mazembe na Lupopo, nani kasajiliwa na kocha gani atafukuzwa. Hayo tunayapa siku zote za juma; leo mniachie. Nataka tumzungumzie mtu anayekimbia bila mpira mguuni na bila wenzake kumi wa kumpa pasi, na ambaye kazi aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima inaisha kabla chai haijapoa. Namaanisha mkimbiaji wa mbio za kati, yaani mita 800 na mita 1500. Anakula nini? Anafanya kazi miaka mingapi? Na ni nani anayeweza kumnyang'anya kazi yake?

Swali hilo la mwisho ndilo linalonisumbua, na ili nilijibu nitaanza na jirani zetu, ng'ambo ya ziwa Tanganyika.

Mwaka 1996 mnaukumbuka. Sisi tulikuwa bado Zaïre, vita vilikuwa vinanukia mashariki, na miezi michache baadaye vililipuka. Burundi ilikuwa inaungua tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Tarehe 25 Julai 1996, Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ikiwa katikati, jeshi lilimpindua Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha madarakani Pierre Buyoya. Tarehe 31 Julai wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Agosti, kijana mmoja Mrundi anayeitwa Vénuste Niyongabo alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa fainali ya mita 5000, na nyumbani kwao mipaka inafungwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Niyongabo hakuwa mtu wa mita 5000. Alikuwa mtu wa 1500, na si wa kubahatisha. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya dunia ya Göteborg, alipata shaba ya 1500 nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco, watu wawili waliozitawala mbio hizo kwa zaidi ya miaka kumi. Atlanta alitazamiwa kupambana nao tena. Mbona basi yuko kwenye mizunguko kumi na miwili na nusu, mbio ambazo alikuwa hajazizoea hata kidogo?

Kwa sababu ya kaka yake katika mchezo, Dieudonné Kwizera. Huyu alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mmoja wa Warundi wa kwanza kujulikana kwenye viwanja vya Ulaya. Mwaka 1988 Olimpiki ikafanyika Seoul, naye hakwenda. Mwaka 1992 ikafanyika Barcelona, hakwenda pia. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosa kasi. Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, na pasipo kamati hakuna bendera, na pasipo bendera mwanariadha haandikwi. Mara mbili miguu yake iko tayari, mara mbili ofisi haipo. Kwizera akawa miongoni mwa waliohangaika mpaka kamati ikapatikana, na Atlanta 1996 ikawa Olimpiki ya kwanza ya Burundi. Lakini kufikia hapo alikuwa na miaka 29, na kasi yake ya zamani haikuwapo tena. Niyongabo akatazama hayo yote, akamwachia mkubwa wake nafasi yake ya mita 1500, yeye akahamia 5000.

Mengine mnayajua, au mnayakisia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilimkuta Niyongabo amekwisha kuchomoka. Mkenya Paul Bitok alimfukuza mpaka utepe, akamkosa kwa sehemu mbili za kumi ya sekunde: dakika 13 na sekunde 7.96 dhidi ya 13 na 8.16. Burundi ikapata dhahabu katika Olimpiki yake ya kwanza kabisa. Kwizera hakufika fainali ya 1500. Lakini alikimbia, na jina lake liko kwenye vitabu vya Olimpiki.

Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama kisa cha moyo mwema, na kweli moyo ulikuwa mwema. Mimi kinaniuma upande mwingine. Mtu anaweza kuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa bara zima, akapoteza Olimpiki mbili kwa sababu hakuna mtu mjini kwao aliyejaza fomu zinazotakiwa na kuzipeleka zinakotakiwa. Katika kazi ya mbio za kati miguu ni nusu tu. Nusu nyingine inakaa ofisini, kwenye meza yenye mhuri, na mwenye mhuri mara nyingi hajawahi kukimbia hata kuliwahi basi.

Mtaniambia: basi angoje Olimpiki nyingine. Hapo ndipo inabidi tuelewane juu ya mbio zenyewe.

Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Ni ndefu mno mtu kuikimbia kwa kubana pumzi kama mita 100, na ni fupi mno kuweza kutulia na kupima hewa kama mtu wa marathoni. Mwili unakwenda kwa deni. Mzunguko wa kwanza unakopa, wa pili unalipa na riba, na zikibaki mita 100 mapaja yanakuwa mazito, mikono inapanda juu, shingo inakakamaa. Tukiwa mbele ya televisheni tunadhani anayeshinda ameongeza mwendo mwishoni. Mara nyingi wote wanapungua, na mshindi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake. David Rudisha wa Kenya, tarehe 9 Agosti 2012 huko London, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa 51.63. Aliongoza mwenyewe tangu mwanzo, hakuna wa kumvuta, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mtu wa nane, yaani wa mwisho katika fainali ile, alipata muda ambao ungempa dhahabu Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Ndivyo walivyoburutwa na mwendo wa mtu mmoja.

Huyo Rudisha alilelewa kimchezo Iten, Kenya, chini ya Bruda Colm O'Connell, mmisionari wa Ireland aliyefika kufundisha shule ya St Patrick's mwaka 1976 na kujifunzia ukocha papo hapo. Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006. Mwaka 2008 maumivu yakamzuia kwenda Beijing. Akashinda London 2012 na Rio 2016. Mwaka 2017 akakimbia mbio zake za mwisho, na majeraha yakafunga hesabu. Huyo ndiye aliyewazidi wote waliowahi kukimbia mita 800, na Olimpiki zake ni mbili. Miaka kumi na moja tangu kujulikana mpaka kumalizika. Kwa mkimbiaji wa kawaida hesabu miaka sita, saba, minane. Michezo ya Olimpiki inakuja kila baada ya miaka minne. Ofisi ikikukosesha mmoja tu, imekula nusu ya maisha yako ya kazi.

Na ofisi ina njia nyingi. Nimpeleke msikilizaji Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1500. Mtanzania Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, mwanajeshi, ana miaka 20. Mwaka mmoja kabla yake, Lagos, alikuwa amemwangusha Kipchoge Keino mwenyewe katika Michezo ya Afrika Nzima. Bunduki ikalia, Bayi akaondoka kama mtu aliyeitwa nyumbani kwa haraka. Mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55. Siku zile wakimbiaji wa 1500 walikuwa wanaviziana mizunguko mitatu, kila mtu akimwogopa mwenzake, kisha wanachomoka mwishoni. Bayi alikataa huo mchezo wa kuviziana. Kufikia nusu ya mbio alikuwa mbele sana, na wote uwanjani wanamngoja afe. Hakufa. Kwenye kona ya mwisho kijana wa wenyeji, John Walker, akaanza kumkaribia, mashabiki wamesimama, Bayi akageuza shingo akamwona, akaongeza kile alichobakiza. Dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker naye, wa pili, alipita chini ya rekodi ya zamani.

Muda ule niupe kipimo cha leo. Ili kufuzu moja kwa moja mita 1500 kwa ajili ya Paris 2024, mwanamume alitakiwa kupata dakika 3 na sekunde 33.50. Bayi angefuzu kwa muda wake wa miaka hamsini nyuma, tena kwa viatu vya wakati ule. Mwaka 1975, Kingston, Jamaica, akachukua na rekodi ya maili. Walker akamnyang'anya hiyo miezi mitatu baadaye. Dunia nzima ikawa inangoja kitu kimoja: Bayi na Walker, Montréal 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe, Kamati ya Olimpiki ikakataa, na nchi nyingi za Afrika zikasusa, Tanzania ikiwamo. Walker alishinda 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde saba nyuma ya mwendo wa Bayi wa Christchurch. Wa pili alikuwa Mbelgiji Ivo Van Damme, ambaye alikuwa amekwisha kupata fedha nyingine kwenye mita 800. Ndugu zetu walioko Bruxelles wanalijua jina hilo, kwa sababu mashindano makubwa ya riadha ya kila mwaka pale, Memorial Van Damme, yanamkumbuka yeye. Alikufa kwa ajali ya gari Desemba ya mwaka uleule, akiwa na miaka 22.

Siwalaumu waliosusa. Sababu ilikuwa ya haki, na mimi kama ningekuwa Dar es Salaam mwaka ule ningepiga makofi. Lakini tuseme ukweli wote: kususa huko kulilipwa kwa miguu ya watu wachache, na baada ya hapo hakuna aliyewarudishia. Bayi alikuja kupata fedha ya Olimpiki Moscow 1980, tena kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hazikuwa zake, akiongoza kwa pengo kubwa kabla Bronisław Malinowski wa Poland kumpata mwishoni. Medali hiyo na ile ya Suleiman Nyambui wa mita 5000 ndizo medali mbili pekee za Olimpiki za Tanzania mpaka leo.

Na pesa? Enzi ya Bayi mwanariadha alitakiwa awe wa ridhaa. Kupokea malipo hadharani ilikuwa kosa la kufukuziwa. Mkenya Ben Jipcho, aliyemaliza wa tatu katika ile fainali ya Christchurch na kuondoka pale na dhahabu mbili za mbio nyingine, aliona ana familia ya kulisha. Akasaini na kundi la kulipwa la Marekani, kama alivyofanya Keino kabla yake, akawa mmoja wa wakimbiaji wa kwanza wa kulipwa kutoka Afrika Mashariki. Kwa sahihi hiyo mlango wa Olimpiki ukafungwa kwake, na kundi lenyewe lilivunjika mwaka 1976. Ukiniuliza nani kati ya Bayi na Jipcho alikosea, nitakuambia hakuna. Wote wawili walikuta kanuni imeandikwa na watu wasiokuwa na njaa.

Wengine nitawapitia haraka. Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya, alikwenda kusoma Denmark, akaanza kuikimbilia nchi hiyo, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995. Mwaka 1996 hakukuwa na wa kumtisha, lakini Olimpiki inataka uraia kamili, na uraia wake ulikuwa haujakamilika. Akakaa nyumbani Atlanta ikipita. Mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia mara mbili ndani ya mwezi mmoja, akaishusha mpaka dakika 1 na sekunde 41.11. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe: fedha Sydney, kwa tofauti ya sekunde 0.06, na shaba Athens. Mkenya mwingine, Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa 1500 mwaka 2017, alifungiwa miaka miwili bila kukutwa na dawa yoyote mwilini. Mkimbiaji wa daraja lake lazima aandike kila siku atakuwa wapi kwa saa moja aliyoichagua, ili wapimaji wamkute. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, amekwisha. Kijana anayebadilisha simu na makao kila mara, kama vijana wetu wengi, hapo ndipo anaponaswa.

Nirudi Burundi tena, maana kuna dada yetu Francine Niyonsaba. Alipata fedha ya mita 800 Rio 2016. Mwaka 2019 kanuni ya homoni kwa wanawake ikaanza kutumika kuanzia mita 400 mpaka maili moja. Kuendelea na mita 800 kungemtaka atumie dawa za kushusha homoni alizozaliwa nazo. Alikataa, na akasema wazi kwamba ndivyo Mungu alivyomuumba. Akahamia mbio ndefu, akiwa na miaka 26, umri ambao mwenzake wa 800 yuko kwenye kilele. Mwaka 2021 alikuwa wa tano duniani mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Septemba ya mwaka huo akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 huko Zagreb. Machi 2023 kanuni ikapanuliwa, ikafika mbio zote. Mjadala wa kanuni hiyo ni mrefu na wanasayansi hawajamaliza kubishana. Mimi siwezi kuumaliza kwa dakika za redio. Ninachoona ni mtu aliyejenga kazi yake mara mbili, na mara mbili barua ikaibomoa.

Haya, sasa makuta. Maana najua kuna baba pale mtaa wa Kampemba anasema: huyu mtangazaji anatuhadithia machozi tu, pesa je? Pesa ipo, lakini imekaa juu sana. Katika mfululizo wa Diamond League, kati ya mwaka 2021 na 2024, mshindi wa mbio za kawaida alipata dola 10,000, na wa nane dola 500. Dhahabu ya mashindano ya dunia inaleta dola 70,000. Paris 2024, kwa mara ya kwanza, shirikisho la riadha la dunia liliwalipa mabingwa wa Olimpiki dola 50,000 kila mmoja. Meneja kwa desturi anachukua asilimia 15, kodi ya nchi ulikokimbia inakatwa hukohuko, na hizo dola 500 za mtu wa nane hazirudishi hata nauli ya ndege kutoka hapa. Wanaoishi vizuri ni wale wenye mkataba na kampuni ya viatu, na kampuni huangalia muda wako na pasi yako ya kusafiria kabla haijaangalia sura yako.

Kuna pia kazi moja ambayo watu hawaijui: sungura. Mwenye mashindano anamlipa mkimbiaji aongoze mzunguko wa kwanza kwa mwendo uliopangwa kwa sehemu za sekunde, kisha ajitoe kando. Katika mita 800 anafanya kazi kwa sekunde 50 hivi, anapokea bahasha, anavaa koti. Vijana wengi wa Kenya wamejengea wazazi nyumba kwa kazi hiyo, na hakuna hata mmoja nje ya kijiji chao anayewajua kwa majina. Mimi naiheshimu. Ni ajira safi kuliko nyingi tunazozisifu hapa mjini.

Na sisi wa Lubumbashi? Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Iten iko karibu mara mbili ya hapo, mita 2,400, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hewa yetu peke yake itatutolea Rudisha. Lakini ni hewa nzuri ya kuanzia. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kiangazi ikikaza, ukitoka alfajiri upande wa barabara ya Kasenga utawaona: vijana watatu, wanne, kofia za sufu, viatu vya mitumba kutoka soko la Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si ile nchi ya Wakalenjin), wanakimbia kandokando ya lami kabla magari hayajaamka. Saa moja baadaye hawawezi tena. Malori ya shaba yanaelekea Kasumbalesa yanatimua vumbi, manseba wa pikipiki wanakata kushoto na kulia bila kuangalia, na ikifika mwezi wa tisa moshi wa kuchoma msitu na makala unakaa kifuani mpaka mvua za Novemba. Wanarudi nyumbani kwenye bukari na lengalenga, na samaki thomson siku makuta yakipatikana. Kocha wao, wakiwa naye, ni mwalimu wa shule anayefanya kazi hiyo kwa mapenzi.

Mtoto wa mpira hapa kwetu ana ngazi. Yuko mtaani, anaonekana, anachukuliwa chuo cha mpira cha Katumbi, anapanda Mazembe, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano na kucheza fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010. Kila kidato kina mtu anayemshika mkono. Mtoto wa mbio ana alfajiri na lami tu. Kongo nzima haijapata medali hata moja ya Olimpiki tangu tuliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1968. Mwanariadha wetu aliyefika juu zaidi katika mizunguko ya uwanja ni Gary Kikaya, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekimbia mita 400 kwa sekunde 44.10 huko Stuttgart mwaka 2006. Hiyo ilikuwa rekodi ya Afrika, na ilidumu mpaka 2014, Isaac Makwala wa Botswana alipoivunja. Lakini Kikaya alipikwa chuo kikuu cha Tennessee, Marekani. Huko kulikuwa na uwanja, kocha, daktari, na ofisi iliyojua fomu gani inakwenda wapi.

Kuna mlango mmoja ambao wengi hawaujui, nami nautaja makusudi. Nchi isiyo na mwanariadha aliyefuzu inaruhusiwa kupeleka mmoja Olimpiki kwa nafasi ya upendeleo, na mbio ambazo nafasi hiyo inakubaliwa bila mizozo ni tatu: mita 100, mita 800 na marathoni. Paris 2024 sisi tulikuwa na Dominique Lasconi Mulamba kwenye mita 100. Mita 800 imo kwenye orodha hiyohiyo. Yaani kanuni hiyo ikiendelea, kuna uwezekano wa kijana wa Kongo wa mizunguko miwili kusimama kwenye mstari. Lakini anayependekeza jina ni shirikisho, na anayelipeleka ni kamati ya nchi. Mkimbiaji mwenyewe hawezi kujiandika. Kwizera wa leo angekuwa na kamati. Je, kamati ingekuwa na jina lake?

Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni. Mwanawe ana miaka kumi na sita, anawashinda wote shuleni, na kuna mtu kamwambia amwachishe masomo akafanye mazoezi kutwa. Mama, usithubutu. Mazoezi ya mbio za kati kwa umri huo hayajazi hata saa mbili za siku, na njia ya Kikaya ilipitia darasani: vyuo vya Marekani vinatoa nafasi za masomo kwa wakimbiaji, na vinauliza diploma kabla ya kuuliza muda. La pili ni cheti cha kuzaliwa, chenye mwaka wa kweli. Hapa kwetu mtoto huandikishwa ndani ya siku 90 za kuzaliwa. Ukichelewa, ni lazima upite mahakamani kutafuta hukumu ya kufidia uandikishaji huo, na mnajua wenyewe mahakama inavyokwenda na inavyogharimu. Basi uende sasa, usingoje wiki ya safari. Na asitokee mjanja wa kumpunguzia miaka miwili ili ashinde mbio za vijana, kwa kuwa siku tarehe za pasi na za diploma zikigombana, atakayeaibika ni mtoto.

La tatu linanihusu mimi na wakuu wetu wa riadha. Muda uliopimwa kwa saa ya mkononi kwenye kiwanja cha shule hauhesabiwi popote duniani. Unahesabiwa muda wa saa ya umeme, katika mashindano yanayotambuliwa, kwenye uwanja uliopimwa. Mtoto wa mama huyu anaweza kuwa anakimbia dakika 1 na sekunde 50, anaweza kuwa anakimbia dakika 2 na kitu. Mpaka hapo atakapopimwa hivyo, kwa meza za Kinshasa na za shirikisho la dunia huko Monaco ni kama hajakimbia. Kwa hiyo wakuu wa riadha wa Haut-Katanga kama mnatusikiliza, simu iko wazi sasa hivi, nasi tutawapitisha mbele ya wapigaji wote: mashindano yajayo ya mita 800 yenye saa ya umeme ni tarehe ngapi, na kwenye uwanja gani?